Moyo wa Ng'ombe kwa Nyumba ya Mama Mzee

Siku zile mkoloni alipotangaza Hali ya Hatari nilikuwa naishi Ruiru na kufanya kazi Thika, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja Mhindu. Nilifagia, nikafua, nikatunza samaki wake. Walikuwa diskasi, samaki bapa wa mviringo kama sahani, wenye mistari ya buluu, kwa tangi ya kioo sebuleni. Maji yao yalipashwa moto na stima mchana na usiku. Watoto wangu walilala na baridi, samaki wale hapana.

Mwezi wa saba wakaacha kula. Wakawa weusi, wakajificha pembeni, wakakonda mpaka paji la uso likawa kama wembe. Bwana akasoma kitabu chake, akaniita kando.

"Mama, hawa nataka moyo ya ng'ombe. Mbichi. Nunua huko kwenu, kata ndogo ndogo, leta."

Nikashtuka. Nyumba hiyo hata yai halikuingia. Mama yake, tuliyemwita Mama Mzee, alimheshimu ng'ombe vile mimi naheshimu Meza Takatifu.

"Na Mama Mzee akiniuliza?"

"Hapana uliza."

"Akiuliza, Bwana, mimi sitadanganya."

Akacheka. Mimi sikucheka. Pasi yangu, kile kibali cha serikali cha kwenda Thika, ilikuwa kwa sababu ya kazi hiyo. Kazi ikiisha, pasi imeisha, na watoto walikula kwa hiyo kazi tu.

Mwenye bucha Ruiru akaniuliza, "Mama, leo una mgeni gani wa kumaliza moyo mzima?"

"Samaki."

"Haiya! Samaki anakula ng'ombe? Na wewe unakula nini?"

"Sukuma wiki."

Bucha yote ikacheka.

Nikaukata nyumbani, nikatoa mafuta na mishipa, nikafunga kwa jani la mgomba, nikaweka chini kabisa ndani ya kiondo, kikapu changu. Juu nikaweka majani ya dhania ya shamba langu, kama kila siku. Sikufikiria. Mama Mzee alikuwa na desturi yake: nikifika mlango wa jikoni, anaingiza mkono mwenyewe kwa kiondo, anachagua dhania anayotaka.

Siku hiyo alikuwa ametoka kuoga na kuomba. Akaja, mkono tayari.

"Mama, usiguse!"

Mkono ukasimama hewani. Hakuna mtu wa kazi aliyewahi kumwambia hivyo.

"Iko nini ndani?"

Bwana alikuwa nyuma yake, ananitikisia kichwa ninyamaze. Ningeweza kusema ni siafu. Nikawaona watoto wangu, nikaona pasi, nikamwomba Mungu anishike.

"Moyo wa ng'ombe, Mama. Wa samaki."

Akarudi nyuma, akafunika mdomo na sari. Kisha akamgeukia mwanawe na Kigujarati kikali, kirefu. Bwana akaangalia sakafu. Mimi nikasimama pale nje, nangoja kuambiwa niende.

"Tangi toke leo," Mama Mzee akaniambia mwishowe. "Ende stoo ya duka. Wewe angalia samaki huko. Kwisha, oga, badilisha nguo, ndiyo rudi kwa nyumba yangu."

"Nirudi, Mama?"

"Nani tafua nguo? Yeye?"

Bwana akakunja mikono ya shati, akaanza kuchota maji ya tangi kwa ndoo. Mimi nikakaa kwa ngazi kwanza.

Jioni, kwa stoo, kati ya magunia ya unga, samaki mkubwa akameza kipande cha moyo, akakitema, akakimeza tena.