Samaki Hai Aliye Tayari

Nikiulizwa kanisani ninafanya kazi gani, husema ya kompyuta, na maswali huishia hapo. Nikisema ukweli, kwamba nabandika lebo kwenye ripoti za fedha za kampuni za ng'ambo, mtu huniangalia kama nimemwambia nauza upepo. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Kampuni ikiandika ripoti yake ya mwaka, sheria za kwao zinataka kila nambari iwe na lebo ambayo kompyuta inaweza kuisoma: hii ni faida, hii ni kodi, hii ni mshahara wa mkurugenzi ambaye, kwa maoni yangu, angelipwa nusu na ashukuru. Programu ina orodha ndefu ya lebo, wewe unachagua. Hesabu zisipopatana, mstari unageuka mwekundu.

Tulikuwa watu sita kwenye fleti moja ya mtaa wa Nyayo Highrise, Nairobi, iliyogeuzwa ofisi. Meza yangu ilikuwa jikoni, kando ya sinki. Supavaisa alikaa kwenye chumba cha kulala chenye choo chake, jambo ambalo alilihesabu kuwa cheo. Alikuwa ametundika vyeti vitatu ukutani, kimoja cha kuogelea.

Siku moja nikapewa ripoti ya kampuni inayofuga samaki kwenye vizimba baharini, huko kwenye baridi. Mimi ni mtoto wa Machakos. Kwetu samaki alikuwa picha kwenye kitabu cha shule. Ripoti ilikuwa imetafsiriwa na mtu mwenye haraka, na ilikuwa na mistari miwili: samaki walio vizimbani, na samaki walio tayari. Kwenye orodha nikapata lebo ya wanyama hai. Samaki ni mnyama, nikajiambia, hata kama hana miguu. Nikaibandika kwenye mistari yote miwili, na papo hapo ikawa miekundu. Jumla ya wanyama hai kwenye ukurasa wa mbele ilikuwa ndogo kuliko samaki wangu.

Nikamwita supavaisa. Akaja na kikombe chake cha chai, akaitazama ile nyekundu kama daktari anayetazama kidonda cha mtu asiye na bima.

"Tengeneza lebo yako mwenyewe," akasema. "Programu inaruhusu."

"Niiite nini?"

"Ita vile unaona. Hao watu hata hawasomi."

Nikaiita "Samaki hai aliye tayari". Nikaibandika kwenye mstari wa walio tayari, wekundu ukatoweka, ripoti ikatumwa, nikaenda zangu nyumbani nikiwa mtaalamu.

Baada ya siku mbili, hao watu walikuwa wamesoma. Mhasibu wao aliandika barua pepe yenye adabu nyingi, ile adabu ya kumnong'oneza mtu kwamba suruali yake imepasuka. Tafadhali, aliuliza, samaki hai aliye tayari ni yupi, na yuko tayari kwa nini?

Supavaisa aliisoma kwa sauti mbele ya wote. Kumbukumbu yake ya nani alinishauri ilikuwa imefutika kabisa.

"Mmoja wetu hapa," akasema, "ameamua kuumba samaki."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka, huku masikio yanawaka moto. Akanipa mpaka kesho yake saa nne asubuhi nirekebishe, la sivyo nitafute kazi inayonifaa.

Nilitoka saa kumi. Pale ninapoishi, Kawangware 56, karibu na duka la hardware, kuna mama anayekaanga samaki wa ziwani. Chumba changu kiko nyuma ya meza yake, na moshi wake hulala kwangu bila kulipa rent. Tulizoea kusalimiana tu, nikipita. Siku hiyo nikasimama.

"Sasa, mathe."

"Poa. Leo Mkamba anataka samaki? Kweli dunia inaisha."

"Nataka kukuuliza kitu."

"Kuuliza ni bure. Samaki si bure."

Nikachagua ngege mmoja wa saizi ya kati, nikamweleza yote, mpaka jina la ile lebo. Alikuwa akigeuza samaki kwenye mafuta bila kuniangalia.

"Hao tayari wako wapi?"

"Imeandikwa wako stoo ya baridi."

Akaacha kugeuza. "Stoo ya baridi?"

"Ndio."

"Nyathina, mtoto wangu, samaki ako ndani ya friji na wewe unamwita hai? Anapumua barafu?"

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja samaki wao walishikana mabega kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alininyooshea kijiko.

"Sikia. Samaki akiwa majini ni mfugo. Anakula, anakua, anaweza kuugua akufie. Ukishamtoa maji, hiyo ni bidhaa. Wa majini unamwombea kwa Mungu. Wa kwa beseni unamwombea wateja."

Bidhaa! Lebo ya bidhaa zilizo ghalani nilikuwa nimeibandika mara nyingi kwenye ripoti za viatu na za simiti. Nilikula yule ngege kwa furaha mpaka mfupa ukanikwama kooni, nikausukuma kwa ugali.

Asubuhi nikahamisha samaki wa friji kwenye bidhaa, nikafuta uumbaji wangu. Hesabu zikapatana zenyewe. Nikasoma pia kanuni ya uhasibu inayohusu mifugo, kurasa na kurasa, na ilisema yaleyale aliyosema mama, isipokuwa kumwomba Mungu.

Mhasibu wa ng'ambo alipojibu kwamba sasa ameridhika, supavaisa aliitisha mkutano.

"Baada ya uchunguzi wetu wa kina," akaanza.

"Aliyechunguza ni mama anayekaanga samaki pale Kawangware 56," nikasema.

Akanigeukia. "Ana cheti?"

"Ana karai."

Jamaa wa meza ya dirishani alitema chai. Sikufukuzwa. Kama adhabu nilipewa ripoti zote zenye wanyama: nguruwe, ng'ombe wa maziwa, kuku.

Jioni nilimpelekea mama habari kwamba maneno yake yamefika ng'ambo. Alifurahi kidogo tu. Alichotaka kujua ni jinsi wale watu wanavyompika yule samaki.

"Wengine humla mbichi," nikasema.

Akatafakari, kijiko mkononi. "Basi si makosa yako. Hata wao hawajui kama amekufa."

Akanifungia ngege kwenye gazeti, akaniuliza kama nina ugali nyumbani, kisha akamgeukia mteja mwingine.