Udhaifu wa Karata za Mshonaji

Jumapili, tarehe 9 Machi 2025. Mvua nyembamba tangu asubuhi. Mshonaji wa mtaa wa Kamalondo huchanganya karata zake za mchezo wa majoka kwa vidole viwili, kama apimaye kitambaa, huku akipiga mluzi, na mpinzani wake Lombe humtazama. Mwaka mzima Lombe ameandika daftarini nguvu ya karata zile, kwamba hushambulia mapema, na udhaifu wake, kwamba joka la kwanza likiuawa hakuna la kulifuata. Siri hiyo aliitunzia fainali ya siku hiyo ukumbini, maana mshindi mmoja tu ndiye angekwenda kushindana mjini Likasi. Kabla ya kuanza, mshonaji aliwageukia watazamaji akicheka: “Bantu, mukiua joka ya kwanza, miye nimekwisha!” Lombe aliliua. Mshonaji akashinda kwa karata za askari wadogo ambao daftari halikuwahi kuzitaja. “Yaya Lombe, andika na hiyo!” Daniella, muuza maandazi aliyezoea kumwona akiandika, akamtania huyo mkubwa wake, na ukumbi mzima ukacheka. Kesho yake asubuhi mshonaji alibisha mlangoni kwa Lombe, karata mkononi. “Yaya, weye njo unaniangaliaka sana. Niambie, iko zaifu fasi gani ingine?” Akavuta kiti, akaketi kungoja aonyeshwe mahali pengine penye udhaifu kabla ya safari ya Likasi.