Faili la Pamoja Lililoizima Sauti

Ulijua, mhandisi, ukageuza uso. Kompyuta zinazowasomea wasioona zilipokuwa bubu, ulisema zitatengenezwa tu. Na nani? Hukuuliza, kama ambavyo hukuuliza mara ile nyingine, na ile ya kabla yake.

Ni adhuhuri mjini Thrissur, kusini mwa India. Mvua inapiga mapaa, na Bindhya Kuruvila anakula puttu, unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke, iliyokwisha kupoa mbele ya kompyuta. Jioni hufundisha hesabu. Saa zilizobaki, bila ujira, huandaa programu za bure za Kimalayalam, lugha ya huko, ili yeyote azipakue zikiwa tayari. Anatunza tatu: kamusi, kibodi, na sauti inayosoma maandishi.

Zote zinatumia faili moja la maelekezo ya ujenzi, linaloiambia kompyuta jinsi ya kuziunda. Mwenzake, Shafeek wa mji wa Kozhikode, alifuta humo mstari ambao kamusi haikuuhitaji. Akaijenga kamusi, ikakubali, akaenda zake. Juu kabisa ya faili, kama ilivyo desturi yao, yameandikwa majina ya programu zote tatu, ili anayeligusa azijaribu zote. Hakuzijaribu.

Sauti ikafa, na aliyempigia Bindhya simu kumwarifu ni Mwalimu Thankamani, ambaye haoni, wala wanafunzi wake hawaoni.

"Bindhya mwanangu, mashine zimekuwa bubu. Watoto wana mtihani Jumatatu. Niwasomee kwa pua?"

Sasa Bindhya anampigia Shafeek.

"Naitoa programu ya sauti katika faili la pamoja. Itakuwa na faili lake."

"Dada, acha hizo! Mistari ileile uiandike mara mbili? Watatucheka."

"Wacheke. Kamusi na kibodi zinatoka kwa watu walewale. Hii ikibadilika, na ile inabadilika. Hizo zikae pamoja. Sauti ina watu wake na mwendo wake. Kufuta kwako kwa ajili ya kamusi ndiko kulikoinyonga."

"Sawa, nilikosea. Lakini ukiitoa, mimi siigusi tena. Nina kazi, nina watoto. Itakuwa yako peke yako."

Hilo ndilo Bindhya analoliogopa. Wenzake walipita katika faili lile. Wakarekebisha neno, wakaacha utani. Walikuwa wengi. Waliondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

"Basi iwe yangu," anasema.

Alasiri sauti imekwisha kujengwa upya. Mwalimu anapiga tena, na nyuma yake mashine inasoma mbiombio.

"Imeamka na umbea wake wote!"

Bindhya anacheka. Simu inakatika, chumba kinabaki na mvua.

"Natamani mtu mmoja tu," anasema peke yake. "Si wa kunishukuru. Wa kuijenga sauti kwenye kompyuta yake kabla sijawapa watu, aniambie, 'We Bindhya, hapa umeharibu.'"

Mmoja! Katika mji wenye wahandisi kila kona! Akiugua Bindhya, darasa zima linanyamaza. Kwa hiyo usimpigie makofi. Fungua kompyuta yako sasa hivi, pakua faili la sauti, ijenge, kisha mwandikie ulichokiona. Leo.