Sufuria la Mama Rehema halikuwa na ugonjwa

Mpaka naandika hapa kichwa kinakataa. Leo asubuhi nimetoka na kikombe changu mkononi kumfuata Mama Rehema, nimefika mlangoni kwake ndio nakumbuka tulimzika wiki iliyopita.

Jamani.

Kwa msiomjua, ni yule mama wa chai na maandazi pale Bagara, hapa Babati, mwenye meza ya kitambaa cha bluu. Jirani yangu ukuta kwa ukuta. Mimi Mkristo, yeye Muislamu, na wanangu wamefuturu kwake mpaka wakawa wanaulizia Ramadhani inaanza lini.

Mtani huyo! Ukimwambia andazi lake dogo anakujibu, "Mdomo wako ndio mkubwa, mama."

Mwaka jana wakati wa mvua akaanza kujikuna. Mikono, mgongo, mpaka ngozi inachubuka. Tukasema ni sabuni. Halafu macho yakawa njano kama binzari. Nikamwambia, "Mama Rehema, hayo macho siyo, twende hospitali." Akasema, "Niache niuze, nitaenda Jumatatu." Jumatatu zikapita. Mwisho nikamkamata mkono, tukapanda bodaboda moja. Wakasema ini lina shida, aende hospitali kubwa.

Hapo ndipo mtaa ulipoanza maneno.

Kuna dada mmoja, simtaji, anajijua, na najua anasoma hapa. Alisimama mbele ya meza mchana kweupe akamwambia mtoto wake, "Tema hilo andazi! Huyu ana ugonjwa wa ini, atakuambukiza." Mtoto akalitema pale pale chini, mbele ya aliyelikaanga.

Mama Rehema alisema tu, "Mpe maji asukutue."

Wengine mkasema anakunywa gongo kwa siri, eti macho ya njano ni ya walevi. Mwanamke ambaye hata harufu ya bia ilikuwa inamtapisha! Wateja wakapungua, akawa anakanda nusu beseni, na hiyo nusu tunaimalizia sisi nyumbani.

Nilimsindikiza hospitali kubwa, mbali. Wakamkata kinyama kidogo wakakipima. Saratani ya mirija ya nyongo. Ile mirija inayotoa nyongo kwenye ini, uvimbe ulikuwa umeiziba, nyongo inarudi kwenye damu. Ndio ile njano, ndio ule muwasho.

Mimi shule niliiacha mapema, nikamwambia daktari, "Baba, tueleze kama unavyomweleza mama yako mzazi."

Akasema mwili wote ni chembe ndogo ndogo, na kila chembe ina maelekezo yake ndani, yanaitwa jeni. Chembe ikitaka kujigawa inanakili yale maelekezo. Kuna wakati inanakili vibaya. Makosa yakikaa mahali pabaya, chembe haijui tena kusimama, inazaliana tu.

Mama Rehema pale kitandani, amebaki mifupa, akasema, "Kama hamira ikizidi. Unga unaumuka, unavuka beseni, ukiufunika unasukuma mfuniko."

Daktari akacheka. "Karibu hivyo hivyo, mama."

Nikajua sasa atauliza kama atapona. Hakuuliza. Aliuliza, "Nimewaambukiza wateja wangu?"

"Hapana, mama. Saratani hii haiambukizi. Si kwa chai, si kwa sahani, si kwa kushikana mikono."

"Na Rehema wangu? Nimemrithisha?"

"Kuna wachache wanazaliwa na makosa ya aina hii. Wewe tumekupima, makosa yako yapo kwenye uvimbe tu, hukuzaliwa nayo. Mtoto hukumpa."

Alilia. Analia huku anacheka, mnanielewa? Mtu ameambiwa ana saratani, anashukuru kwamba hajawadhuru nyie. Nyie!

Daktari akasema pia kuna dawa zinazolenga makosa kama lile lililoonekana kwake. Zipo, ila huku hazijafika. Nikamuuliza zitafika lini. Akaangalia viatu vyake.

Tukarudi Babati. Akaniambia, "Waambie, Mama Neema. Mimi wakiniona wanakimbia." Niliwaambia. Mkasema namtetea shoga yangu.

Msibani mlikuja wote, ahsanteni. Watu wakajaa, masufuria hayatoshi. Akina mama wakauliza, nani ana sufuria kubwa? Mtaa mzima kubwa ni lake, lile la chai. Nililitoa mwenyewe, likapikiwa pilau mbele ya macho yenu, mkala. Yule dada akanyoosha sahani mara ya pili: "Mama Neema, niongezee, na ukoko kidogo."

Nilimkwangulia ukoko. Rehema amesimama pembeni anaangalia, na mimi sikusema kitu kwa sababu ya heshima ya msiba.

Leo nasema. Sufuria ni lile lile. Mlikuwa mnaogopa nini?

Siku hizi kila asubuhi nawavuta wanangu kope niangalie macho. Neema ananiambia, "Mama, utanitoboa jicho!" Bora nimtoboe. Na wewe unayesoma, macho yakiwa njano, mwili ukiwasha bila upele, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, usisubiri Jumatatu.

Kesho Rehema anatandika kile kitambaa cha bluu. Jioni hii ameniuliza, "Mamkubwa, watakuja?"

Nimemwambia akande beseni zima. Mimi nitakaa benchi la mbele na wanangu, kila mmoja na andazi lake mkononi. Mtakaopita mtatuona.

Nenda, shoga yangu. Hukumwambukiza mtu, na wasiotaka kusikia nimewaandikia. Wewe pumzika, Mama Rehema. Unga umekandwa, beseni nimelifunika. Asubuhi tutaamka sisi.