Walinifutia kijiji kwenye game ya bure kwa kosa la kuweka mali kwa jamaa

Wakuu, nawasalimu wote. Naona mnabishana humu kama game za bure za kwenye browser zina maana yoyote. Ngoja niwape yaliyonikuta. Sitaongeza chumvi, na kama kuna mtu alikuwepo Itigi enzi za internet cafe, anisahihishe.

Nilifika Itigi nikiwa na miaka ishirini na kitu, juu ya lori la mbao kutoka Chunya. Siku nne njiani. Kipindi cha mvua barabara ya Rungwa ilikuwa tope tupu, unakaa porini unasubiri jua.

Machimbo ya dhahabu ya kule nilishayachoka. Enzi hizo biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mtu ananunua na kuuza, nikapata kazi ya kumkusanyia tajiri mmoja asali kule Mitundu.

Cafe ilikuwa moja, kompyuta nne, ya dada mmoja anaitwa Zaituni. Ndiye aliyenionyesha ile game. Unapewa kijiji, unalima, unakata mbao, unafundisha askari, unapambana na watu wa dunia nzima. Rafiki yangu Elia, mwalimu wa shule ya msingi, naye akaingia.

Kijiji changu nilikiita Mgori, nilikozaliwa.

Sifa zake nazisema wazi. Huinstall kitu, na zile kompyuta chovu za Zaituni ziliimudu. Halafu mimi ni mtu wa kuhamahama, sijawahi kuwa na hata kibanda. Mgori ilikuwa sehemu ya kwanza kuijenga mwenyewe na kuikuta nikirudi. Msinicheke.

Ubaya wake sasa. Ukitoka, game haisimami. Naenda Mitundu siku tano, narudi nakuta jamaa mmoja wa Ulaya kavamia, ghala jeupe. Na yule nguvu alikuwa ananunua kwa kadi ya benki! Bure gani hiyo?

Nikamkumbuka mzee wangu. Alikuwa na ng'ombe wengi, lakini zizini kwetu ungekuta sita tu. Wengine walikuwa Issuna kwa shemeji yake, wengine kwa rafiki zake. Wezi au ugonjwa ukija, haumalizi wote. Anayekutunzia anakunywa maziwa. Ng'ombe akifia kwake, anakuletea ngozi ili ujue hajamuuza.

Basi kila nikienda Mitundu, naigawa mali ya Mgori: nusu kwa Zaituni, nusu kwa Elia. Nikirudi wananirudishia, wamekata kidogo.

"Maziwa yangu hayo," Zaituni anasema. "Wewe mchunga ng'ombe, hata kwenye kompyuta unachunga?"

Mzungu akavamia mara tatu, anakuta ghala tupu. Tulicheka mpaka wateja wakakasirika.

Nadhani akashitaki. Siku moja nafungua, nakuta ujumbe wa admin. Elia akausoma, akatutafsiria.

"Wanasema sisi watatu ni mtu mmoja. Tunatumia intaneti moja na tunapeana mali."

"Mtu mmoja?" Zaituni akaruka. "Mimi na huyu anayenuka moshi wa nyuki?"

Masharti yalikuwa haya: nikiri kwamba akaunti zote ni zangu, wafute za wenzangu, mimi nibaki na Mgori. Nisipokiri, wanafuta zote tatu.

"Kiri, kaka," Elia akasema. "Vyetu vitakufa vyovyote vile. Chako ndicho kikubwa."

Zaituni naye akasema kiri.

Wakuu, nilikaa mbele ya ile kompyuta saa nzima. Mgori niliitaka kweli. Lakini kukiri ni kusema Elia hayupo na Zaituni hayupo, na wote wawili wamesimama nyuma ya kiti changu.

Nikaandika kwa kiingereza changu cha form four: sisi ni watu watatu. Angalieni rekodi zenu, kila mzigo ulirudi umepungua. Nani anajikata maziwa mwenyewe? Nyie mnauza nguvu kwa kadi, halafu mwizi ni mimi? Futeni.

Wakafuta.

Wiki ile ile niliacha kazi, nikaamua kuhama kama kawaida yangu. Nilikuwa stesheni nasubiri treni ya Tabora, nikamwona Zaituni anakuja mbio na karatasi mkononi. Alikuwa ameprint Mgori yote kabla haijafutwa: mashamba, ghala, ukuta, ikiwa nyeusi na nyeupe, wino umefifia upande mmoja.

"Mali yako imefia kwangu," akasema. "Ngozi hii."

Nikapanda treni. Itigi sijarudi tena.

Nilichojifunza: kwenye game ya bure kijiji ni cha wenye game, ila jamaa uliocheza nao ni wako. Ningerudishwa leo kwenye kile kiti, ningeandika vilevile. Ile karatasi ninayo, nimehama nayo mikoa sita.

Haya, anayeona nilikuwa mjinga aseme hapa chini na sababu zake. Na kama nawe ulishafutiwa akaunti kisa cafe moja, tueleze ulifanyaje.