Samaki wa Baba Hawakugawanywa

Juzi nilikuwa nimeketi kwa daktari wa meno mjini Embu, shavu limevimba kama andazi, nikasikia mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu nikiwa darasa la nne. Ilikuwa pampu ndogo ya hewa ikibwabwaja ndani ya maji, bila kuchoka. Nyuma ya meza ya karani kulikuwa na tangi la kioo lenye visamaki vya rangi. Wagonjwa wenzangu waliona pambo tu. Mimi nilitazama kando, maana machozi yalikuwa yamenijia, na jino nikalisingizia.

Baba alikuwa na tangi kama hilo, ila kubwa mno, sebuleni kwetu katika nyumba ya kupanga mjini Meru. Alikuwa fundi katika ofisi ya maji, na bosi wake alipohamishwa alimwachia tangi pamoja na waliomo. Usifikirie visamaki. Hao walikuwa wapana kama kiganja cha Baba, magamba yaking'aa kama mabati mapya, mapezi mekundu, na waliishi kwa kwenda pamoja. Mmoja akigeuka, wote wamegeuka. Mgeni akibisha mlango kwa nguvu, kundi zima linakimbilia upande mmoja, maji yanamwagika kwenye zulia, na Mama anaanza upya malalamiko yake kwamba kabati la vyombo lilihamishiwa chumbani kwa ajili ya kitoweo kisicholiwa.

Alilalamika hivyo, na bado ndiye aliyewachemshia spinachi kila asubuhi. Walimjua kabisa. Akitokea tu na bakuli lake, wanajipanga mbele ya kioo kama watoto wa shule wakingoja uji.

Cucu, mama yake Baba, alipotoka kijijini kwake Muthara kututembelea hakutaka kabisa kukaa karibu nao. Kwa watu wa umri wake huko kwetu, samaki na nyoka ni ukoo mmoja. Alivuta kiti mpaka mlangoni, akashika kikombe chake kwa mikono miwili, akamwambia Baba, "Hao hawafumbi macho. Mimi nikisinzia hapa, nani atawaangalia?" Mimi na mdogo wangu Mwenda tulicheka mpaka tukafukuzwa nje.

Wakati huo stima ilikuwa ya mgao. Ikikatwa mchana, pampu inanyamaza, na samaki wanapanda juu ya maji kutafuta pumzi. Baba alichomeka mpira mwembamba kwenye pampu ya baiskeli, akatufundisha kazi. Tukitoka shule tulipokezana kupuliza hewa ndani ya tangi, mikono ikiuma, Mama akituhesabia zamu kutoka jikoni. Mwenda alikuwa bado yuko nasari. Hakuwa na nguvu za mikono, kwa hiyo aliilalia ile pampu kwa tumbo na kushuka nayo chini akiguna kama mzee. Sijui kama nimewahi kufurahia kazi yoyote kama ile.

Siku moja jirani aliomba samaki mmoja wa kumfurahisha mtoto wake. Baba aliona haya kukataa, akampa. Haikupita wiki jirani akamrudisha ndani ya ndoo, amepauka, amesimama upande mmoja hali chochote. Baba alimrudisha kwa wenzake kimyakimya, na tangu hapo aliyeomba samaki alipewa chai.

Kisha mvua za Aprili zikaja na Mama akaugua. Alilazwa, tukaambiwa atarudi, hakurudi. Tulimzika Muthara, na mpaka leo sina maneno ya siku hiyo.

Baada ya mazishi wazee wachache wa ukoo walikutana sebuleni kwetu Meru, pamoja na Cucu na dada yake Mama kutoka Siakago, upande wa Wambeere, ambaye tulimwita Tata. Kazi ya Baba ilimpeleka vijijini siku nyingi, kwa hiyo ikaonekana hataweza kutulea. Mwenda, kwa kuwa mdogo, aende kwa Cucu Muthara. Mimi niende kwa Tata Siakago, shule ilikuwa karibu na nyumba yake. Yalisemwa kwa upole, mkate ukipitishwa, na hakuna aliyetuuliza. Nilikuwa nimemshika Mwenda mkono chini ya meza. Alipoelewa, alijing'oa, akakumbatia mguu wa meza ya tangi na kupiga mayowe.

Tata, ambaye moyo wake ulikuwa mwema, alimgeukia Baba. "Shemeji, si umpe hata samaki mmoja aende naye? Tunaweka kwa ndoo. Labda atanyamaza."

Baba aliligeukia lile tangi.

"Hawa hawagawanywi," alisema. "Ukitoa mmoja, anaacha kula."

Mzee mmoja alikohoa, kisha wakaanza kuulizana gari la kwenda Muthara litaondoka lini. Baba aliinuka akatoka nje kwenye mvua bila koti.

Nilimchukia. Muda wote huko Siakago, chini ya jua lile kali, niliwaambia wasichana wenzangu kwamba baba yangu anapenda samaki kuliko watoto wake. Likizo ya Agosti niliporudi Meru nilikuta tangi halipo na kabati la Mama limerudishwa mahali pake. "Niliwapeleka hoteli moja na tangi lao," Baba alisema. "Wote pamoja." Hakutaka kuulizwa zaidi.

Ilibidi niwe na watoto wangu ndipo nielewe. Siku ile Baba hakuwa akimnyima Mwenda samaki. Alikuwa akituombea sisi, kwa maneno pekee yaliyomjia, akingoja mtu mmoja tu katika chumba kile aseme, na hawa watoto je? Hakuna aliyesema, naye hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Ningejua hayo mapema, ningemsamehe akiwa bado ana nguvu za kusamehewa.

Baba alilazwa Meru mwaka jana. Mimi nilitoka Siakago, Mwenda akatoka Muthara, tukakutana kando ya kitanda. Mimi nimekulia Kimbeere mpaka Kimeru cha utotoni kikanitoka, yeye Kimeru cha Tigania, cha upande wa Cucu, kinachokwenda mbio, na kila mmoja akijaribu cha mwenzake anachekwa, kwa hiyo tulizoea zamani kuongea Kiswahili.

"Habari ya safari?" aliniuliza.

"Safari njema. Umeongea na daktari?"

"Bado, ameniambia ningoje kidogo."

Dawa zilikuwa zimemlemea Baba, na macho yake hayakuwa yakiona vizuri. Aligeuza kichwa upande wetu, akasikiliza Kiswahili chetu kwa heshima, kisha akamwomba muuguzi, kwa Kimeru, awaletee hao wageni viti.