Satipi Akataa Kusaga Milele

Satipi alikuwa na magoti magumu kama kwato, na mdomo usiojua kufungwa. Tangu akiwa kigori alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia nyumbani kwa Bwana Rehu, kama Ipi, marehemu mama yake, alivyomsagia mzee, baba yake Rehu, mpaka mwisho wa maisha yake.

Siku moja alimpelekea mikate shemeji yake Ankhu, fundi wa kuchonga. Ankhu alikuwa anamalizia vijumba vya mbao vya kuwekwa kaburini mwa Bwana siku akifa: zizi, ghala, jiko la mikate. Vijitu vya humo ndani vingemfanyia Bwana kazi huko aendako, asije akalala njaa. Satipi akachungulia kile cha jiko, akaona kijimama kimeinamia jiwe, kilemba upande, pengo mbele.

"We Ankhu! Huyu si mimi?"

"Umejiona, shemeji!" Ankhu alicheka kwa fahari. "Bwana mwenyewe kaagiza. Kasema hakuna anayesaga kama wewe. Hata visigino vilivyopasuka nimevipatia!"

"Nitasaga mpaka lini?"

"Milele, shemeji."

"Thubutu!"

Ipi naye alichongwa hivyohivyo, akafungiwa kaburini mwa mzee, na mpaka leo anasaga humo gizani. Hilo lilimuuma Satipi kuliko magoti yote mawili.

Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Rehu. Alimkuta kivulini, shavu kiganjani. Jino tena! Mchanga wa kwenye mikate ulikuwa umemla meno yote, limebaki moja la kutafunia.

"Pole, Bwana. Unajua hapa unga wako naupepeta mara mbili, kwa ajili ya hilo jino?"

"Najua, Satipi. Ndiyo maana nakuchukua."

"Sasa huko kuna giza, Bwana. Mchanga nitauonaje? Utakula tu nitakachosaga."

Bwana akajipapasa shavu. "Kwa muda gani?"

"Si milele?"

"Unanitisha, wewe?"

"Mie? Nakupa habari tu, Bwana wangu."

"Mtoeni huyu!" Bwana alifoka. "Mtoeni na kwenye jiko la kaburini! Ankhu achonge mwingine, mwenye adabu!"

Ankhu alilalamika sana, maana rangi ilikuwa imekwisha kukauka. Akachonga msagaji asiyefanana na mtu yeyote. Satipi alipomrudia, akamuuliza, "Na huyu wako nimtie motoni?"

"Ishia hapohapo! Mng'oe hiyo mikono, umpe mingine. Ashike mtungi wa pombe."

"Shemeji, makaburini hakuna mtu wa kunywa tu."

"Basi huyu atakuwa wa kwanza."

Ankhu akachomoa vijiti mabegani, akapachika mikono mipya, na kijimama kikakalia visigino vyake, mtungi mdomoni.

Satipi hakukipeleka nyumbani. Alipanda nacho mlimani, mpaka penye kaburi la mzee lililozibwa kwa mawe, akachimba mchanga mlangoni kwa mikono yake. Yeye na mama yake walifanana mno, kilemba kilekile, pengo lilelile.

"Mama," alisema akikifukia, machozi yakimtoka, "liache hilo jiwe. Wewe sasa ndiye huyu. Kunywa."

Kisha akakung'uta magoti, akashuka kwenda kusaga, maana Bwana alikuwa hajafa bado, na alitaka mikate.